Mzee hakuiona kula, nami nikanyamaza. Huu ni ushindi?

Mshona Nyavu (Ujiji)

Wakuu, habari za usiku. Nina jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, lakini leo ni siku ya nne linaninyima usingizi.

Mimi nashona nyavu Kibirizi, kwetu ni Ujiji. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, nyavu zote zinaletwa kwetu, nashinda nimeinama kutwa. Giza likirudi napumua kidogo, na muda wangu wote wa kupumua naumalizia kwenye bao.

Baraza letu liko chini ya mwembe, hatua chache kutoka msikitini. Mwenye bao ni mzee mmoja, ana miaka 78. Bao lenyewe ni la mninga, nyumba, yaani shimo kuu la kila mchezaji, zimechongwa pembe nne kama inavyotakiwa, na kete ni komwe halisi, zile mbegu ngumu, zote 64, aliletewa kutoka Bagamoyo enzi za ujana wake. Baraza nyingine za hapa wanachezea vijiwe. Sisi tuna komwe, zimeshikwa miaka mingi mpaka zinateleza kama zimepakwa mawese.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha. Nilianza na bao la kujifunza, akaniacha huko karibu mwaka mzima, kisha akanipandisha kwenye bao la Kiswahili lenyewe: kete 6 nyumbani, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, 22 mkononi. Unanamua, yaani unaingiza za mkononi moja moja mpaka mkono uishe, ndipo mnaingia mtaji, mnacheza na zilizo ubaoni tu. Tangu hapo ni miaka 11, na sikuwahi kumfunga hata mara moja. Wallahi hata moja.

Barazani kwetu kuna desturi: atakayemfunga mwenye bao anaondoka na mfuko wa kete, analala nao, kesho yake anaurudisha mbele ya watu. Mfuko ni wa kaniki, mdomo wake unafungwa kwa kamba ya nyavu niliyomsokotea mimi mwenyewe.

Jumanne tulikaa mimi na yeye. Tulishamaliza kunamua, tuko ndani ya mtaji. Mstari wangu wa mbele nina shimo lenye kete 9, limetazamana na shimo lake lenye kete 2. Mstari wake wa nyuma ana shimo la kete 4 ambazo akizisambaza, ya mwisho inaangukia hapo hapo kwenye zile 2. Hiyo ni kula: anazichukua zile 9 zangu. Na wachezaji mnajua, kula ikiwepo si hiari ya mtu. Kutakata, yaani kusambaza kete bila kula, ni pale ambapo kula hakuna.

Mzee akapapasa mashimo yake kwa vidole, kama anavyofanya miezi hii, akachukua kete 3 za pembeni. Akatakata.

Naomba mnielewe hapa. Sikuja kugundua baadaye. Ile kula niliiona kabla hajanyoosha mkono, na nilishaanza kuzililia zile kete 9 moyoni. Alipozigusa za pembeni, mwili wote ukapata joto. Nilitakiwa kusema "Mzee, una kula." Basi. Nikatazama chini nikajifanya nahesabu. Zamu yangu ilipofika nikazichukua zile zile 9, zikazunguka, nikala, nikazunguka tena nikala tena, mstari wake wa mbele ukabaki mtupu.

"Umenifunga," akasema, akanipa mkono. Mfuko aliufunga yeye mwenyewe na kunikabidhi kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi, kuna kijana akakimbia kuita wengine waje waone.

Komwe zina rangi ya kijivu, na shimo la bao jioni lina kivuli chake. Kete 2 ndani ya shimo, hata mimi mwenye miaka 39 nainama. Yeye macho yamefifia.

Barazani kwake hakuna dau. Si fedha, si chai, si soda, kwa sababu hataki kitu chochote kinachokaribiana na kamari. Kwa hiyo hakuna shilingi ya mtu niliyokula. Lakini mfuko umening'inia kwenye msumari chumbani kwangu tangu Jumanne, sijaurudisha, na barazani sijapita. Nazungukia njia ya nyuma ya soko.

Nimecheza au nimeiba? Na kama nimeiba, cha kurudisha ni nini?

Nawasilisha.

Kete Nyeusi (Tabora)

Mkuu, rudisha mfuko wa watu na ulale. Hujaiba kitu.

Mimi ni mtu wa drafti, hapa Isevya, vizibo vya soda juu ya ubao wa kuchora. Kwetu kula ni lazima pia. Aliyesahau kula, mwenzake akiona anaitoa ile kete iliyosahau, anaiweka pembeni, mchezo unaendelea. Akiwa hajaona, imepita. Maana yake ni nini? Kulinda kanuni ni kazi ya wote wawili, na kila mtu anaanza na upande wake. Ukianza kumwambia mwenzako "una kula pale", kesho utamwambia "usiende huko utafungwa", na hapo mnacheza wawili upande mmoja, upande wa pili hauna mtu.

Nimefungwa mara nyingi kwa kutoona. Sikuwahi kumlaumu aliyenyamaza. Nilijilaumu mimi, na ndivyo nilivyojifunza kuona.

Mzee amekupa mkono. Kwenye mchezo mkono ukishatolewa, limekwisha.

Dogo wa Mwandiga

Mimi bao sijui vizuri ila nakumbuka mpira. Desemba 2000, West Ham wako ugenini kwa Everton, kipa wa Everton yuko chini ameumia, krosi inamkuta Paolo Di Canio na goli liko wazi. Akaudaka mpira kwa mikono ili mchezo usimame. Angefunga, goli lingekubaliwa, hakuna kanuni iliyomkataza. FIFA wakampa tuzo ya mchezo wa haki. Wapo waliomwona mjinga siku ile, lakini huyu mtu alikuwa na kichwa cha moto kweli kweli, miaka miwili nyuma alifungiwa kwa kumsukuma mwamuzi. Ndiyo maana mimi namheshimu kwa ile dakika moja.

Fundi Reli (Tabora)

Nataka kumjibu Kete Nyeusi, maana hoja yake ina nguvu lakini imechanganya vitu viwili.

Nimefanya kazi kambi ya reli ya SGR upande huu wa Tabora, na Waturuki tuliokuwa nao walikuwa wanacheza tavla kila jioni baada ya chakula. Ndiyo hiyo ambayo kwenye simu inaitwa backgammon. Kete 15 kila upande, njia 24, dadu mbili. Fundi mmoja alinifundisha, na mpaka leo nacheza kwenye simu. Kelele yao usipime. Kete inapigwa ubaoni kama nyundo, mtu anataja namba za dadu nusu Kiajemi nusu Kituruki, ikitoka 6 na 5 anapaza "shesh-besh!", na mwenzake anarushiwa maneno mpaka anakunja uso. Hayo yote ni halali kwao. Mimi niliyezoea maneno ya barazani sikuona ugeni.

Sasa sikilizeni. Tavla nayo ina lazima yake. Ukitupa dadu, kama unaweza kuzicheza namba zote mbili ni lazima uzicheze zote. Kama inawezekana moja tu, ni lazima ucheze ile kubwa. Watu wanakosea, anahesabu njia vibaya, kete inatua pasipo pake. Kwenye mashindano ya backgammon kwa miaka mingi kanuni ilikuwa inafanana na ya Kete Nyeusi: mwenzako akicheza isivyo halali, kabla hujatupa dadu una uchaguzi, unaweza kumrekebisha au ukaliacha kosa kama linakufaa wewe. Watu walikuwa wanaliacha bila haya, na kanuni iliwaruhusu.

Siku hizi mashindano mengi yameiacha kanuni hiyo. Sasa mchezo usio halali ni lazima urekebishwe, na aliyeona ana wajibu wa kusema hata kama kosa linamnufaisha. Na hapa ndipo naomba tutulie. Hakuna anayekudai umwambie mwenzako kwamba amecheza *vibaya*. Akiacha kete yake wazi ukaipiga, ni uzembe wake, furahi. Unachodaiwa ni kusema kwamba amecheza *kisichoruhusiwa na kanuni*. Hivyo viwili havifanani hata kidogo. Cha kwanza ni ufundi wake dhidi ya ufundi wako. Cha pili, mchezo wenyewe umeshatoka barabarani, na kuanzia hapo mnacheza kitu ambacho si bao.

Mshona Nyavu, mzee angekuwa na kula mbili akachagua iliyo mbovu, ningekwambia lala salama. Lakini alitakata wakati ana kula. Lile bao lilivunjika palepale, na ni wewe peke yako uliyejua.

Kete Nyeusi (Tabora)

Aliyevunja kanuni ni mzee, si yeye. Tuliweke sawa hilo.

Fundi Reli (Tabora)

Ni mzee, kweli. Alivunja bila kujua. Huyu aliacha ivunjike akijua. Wewe mwenyewe ndugu yangu, ungependa kumfunga mtu kwa namna hiyo baada ya miaka 11?

Kete Nyeusi (Tabora)

Miaka 11 hapana. Ningetaka nimfunge akiwa ananiona.

Binti wa Mwanga (Kigoma)

Kaka Mshona Nyavu, pole. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchezaji, na baraza lilikuwa mbele ya mlango wetu hapa Mwanga. Sisi watoto wa kike hatukukaa kwenye mkeka, lakini ukipeleka kahawa mara sita kwa jioni moja unaona mengi ambayo wachezaji hawadhani yanaonekana.

Niliona mtu anachezesha kete mkononi, chakacha chakacha, mwenzake akiwa anafikiri. Niliona anayevuta zamu mpaka adhana ili bao liahirishwe akiwa bado yuko hai. Mtazamaji anayekohoa mara moja kwa kushoto, mara mbili kwa kulia, huyo baba alimfukuza na hakurudi tena. Maneno ya kuchokozana baba hakuyakataza. Alisema maneno mtu anayajibu. Akikwambia umekwisha na wewe unamwambia bado nina nyumba hujaila. Alichokataza ni kitu ambacho mwenzako hana namna ya kukijibu.

Ndiyo maana nina swali moja, na naomba usikasirike. Umesema ilikuwa jioni, umesema Ujiji. Jua la Ujiji jioni linatua ziwani, linakuja moja kwa moja usoni kwa mtu anayetazama magharibi. Jumanne ulikaa upande gani?

Mshona Nyavu (Ujiji)

Dada, nimelisoma swali lako saa sita mchana nikiwa kazini, nikaweka sindano chini.

Nilikaa nimelipa jua mgongo.

Na nitasema yote sasa, maana nusu haina faida. Zamani mzee alikuwa anakaa upande wa shina la mwembe, jua likiwa nyuma yake. Ule upande ni wake, unajulikana. Tangu macho yameanza kufifia, vijana wamekuwa wakiwahi kukaa pale. Anakuja na mkongojo wake, anakuta mtu ameshakaa, na kwa ustaarabu wake hamwinui mgeni kwenye mkeka. Anakaa upande wa pili, anakunja uso, anacheza. Mwaka huu watu watatu wamemfunga, watu ambao huko nyuma hawakufika hata mtaji mbele yake, na wote wamelala na mfuko.

Mimi nililiona hilo likitendeka. Nililiona jambo baya, nilimwambia mke wangu kwamba ni jambo baya. Halafu Jumanne nikashuka daladala mapema, nikaenda nikakaa upande wa shina.

Kwenye swali langu la kwanza niliandika habari ya kivuli cha shimo na rangi ya komwe. Habari ya jua sikuiandika. Nilikuwa naijua.

Binti wa Mwanga (Kigoma)

Asante kwa kusema. Basi unajua cha kurudisha.

Muuguzi K. (Kigoma)

Naingia kwa upande wangu wa kazi. Mzee wa miaka 78, kuona kumefifia pole pole, anapapasa, na mwanga mkali ukimpiga usoni ndiyo kabisa haoni: hizo ni dalili za mtoto wa jicho. Sisemi ndiyo huo, lazima apimwe, kuna magonjwa mengine ya macho yanayofanana mwanzoni. Lakini mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, na inatibika kwa upasuaji: inatolewa, inawekwa lenzi ya bandia. Wazee wengi hapa kwetu wanakaa nao miaka wakidhani ni uzee tu na hauna dawa.

Nimesoma uzi wote mnajadili nani alikaa wapi na nani aliona nini. Baraza zima limejua kwamba mzee haoni. Kuna hata mmoja aliyempeleka hospitali ya mkoa?

Mshona Nyavu (Ujiji)

Wakuu, nimerudi. Nimewasoma wote, na yaliyotokea nawaandikia kama yalivyokuwa.

Leo baada ya swala ya alasiri nilikwenda na mfuko. Nilitaka nikamwone nyumbani kwake, faragha, lakini desturi ni mbele ya watu, na nilichofanya nilikifanya mbele ya watu. Walikuwepo kama saba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama nilikuwa naumwa. Nikamwambia siumwi. Nikamwambia Jumanne ulikuwa na kula, Mzee, na niliiona, na sikusema.

Hakuniamini. Tena alikasirika, si kwa sababu ya kunyamaza kwangu. Alisema yeye hajawahi kuacha kula tangu akiwa kijana, na kwamba namwonea huruma ya uongo mbele ya watu. Hilo sikulitarajia. Nilijiandaa kwa lawama, sikujiandaa kuonekana namdhalilisha.

Nikamwomba ruhusa nilipange bao kama lilivyokuwa. Kete zote 64 nilizikumbuka zilipokaa, maana kwa siku nne sikuwa na kingine kichwani. Nikapanga. Akainama karibu kabisa, akaanza kupapasa shimo moja baada ya jingine, mstari wake wa mbele kisha wa nyuma. Alipofika kwenye zile 4 akasimama. Akazichukua, akazisambaza taratibu, ya mwisho ikaanguka kwenye zile 2. Vidole vyake vikavuka kwenda upande wangu, vikazikuta 9.

Alikaa kimya muda mrefu. Watu wote kimya. Kisha akauliza, "Ziko 9?" Nikamwambia ziko 9. Akazila. Akaendelea kuzisambaza mwenyewe mpaka mwisho wa mzunguko, akaniangalia, akasema ningeshindwa. Nikasema ndiyo, ningeshindwa.

Nikamwambia na habari ya upande wa shina. Hapo wawili kati ya wale saba wakainuka wakaaga.

Kuhusu macho, Muuguzi, ujumbe wako nilimsomea neno kwa neno kutoka kwenye simu. Amekubali. Jumatatu nampeleka mimi, siendi Kibirizi siku hiyo, nimeshamwambia tajiri wa nyavu. Bao tumeligeuza, sasa wachezaji wanakaa mmoja kaskazini na mwingine kusini, jua linapita ubavuni kwa wote wawili. Na amesema jioni hachezi tena mpaka apimwe; atacheza asubuhi, kuanzia saa tatu.

Mfuko umerudi kwake. Ila wakati naondoka alinishika mkono, akaniinamisha sikio, akaniuliza, "Na wale wengine watatu, nao walikuwa wanaona?"

Sijamjibu. Nilimwambia nitakuja kesho. Wawili kati ya hao ni watu ninaoshona nao nyavu mkeka mmoja, na mmoja ni shemeji yangu. Nawaza niwaendee wao kwanza usiku huu, waje wenyewe waseme, kabla mimi sijafungua mdomo. Dada Binti wa Mwanga, na wewe Fundi Reli, mnaonaje? Mzee anaamka mapema, na nina hakika saa tatu atakuwa ameshakaa ananisubiri.